Joho Lisilo na Uzi

Majoho yaliletwa Jumatatu asubuhi, mia mbili na arobaini, yamefungwa kwenye mashuka makuukuu. Bwana Stoo, mtunza ghala wa chuo kikuu, aliyashusha garini furushi baada ya furushi, na kila furushi lilipotua sebuleni lilitoa vumbi na harufu ya dawa ya nondo.

"Dobi, nimekupa siku kumi na mbili," alisema akijifuta jasho. "Jumamosi ya wiki ijayo nayataka yamenyooka kama rula. Mitihani inaisha Ijumaa, na Jumatatu yake wanafunzi wanakuja kupimwa kabla hawajatawanyika makwao."

"Wapimwe majoho kabla ya matokeo?"

"Ndiyo utaratibu wa miaka yote, leo ndiyo unauona? Atakayefaulu atakuta joho lake tayari. Asiyefaulu, kipimo chake kitamngoja."

"Haya. Na wewe uje Jumamosi kweli. Mwaka jana ulisema Jumamosi ukaja Jumanne."

"Mwaka jana nilikuwa na mguu."

"Mwaka huu umeuacha wapi?"

Bwana Stoo alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari. Dobi naye alicheka, lakini kwa mdomo tu; mabega hayakuwa na nguvu ya kucheka. Miaka ishirini na sita ya kufua nguo za watu ilikuwa imemkaa mgongoni, na ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe na zenye mikunjo siku zote, kama za mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Alimsogelea Bwana Stoo, akashusha sauti.

"Moja nitabaki nalo. La binti yangu. Siku ya kupimwa atakuja amelishika mwenyewe."

Bwana Stoo aliangalia kulia na kushoto kama mtu anayeuziwa kitu cha wizi. "Basi mimi nitahesabu mia mbili thelathini na tisa. Lakini usinionyeshe ni lipi, nisije nikaulizwa."

Binti mwenyewe alikuwa chumbani akisoma, mlango umefungwa. Nyumbani na mtaani walimwita Chiriku, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akiongea tangu anafumbua macho mpaka anayafumba, na hata akiwa na chakula mdomoni alikuwa akiongea pembeni mwa tonge. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa maji, na mitihani minne ilikuwa mbele yake. Jina lilibaki, maneno yaliisha. Akiulizwa swali alijibu "mm," na akiulizwa la pili alijibu "mm" nyingine fupi zaidi.

Nguo nyeusi haianikwi juani. Jua hula weusi wake. Majoho hukaushwa kivulini, ndani, mahali penye upepo. Kwa hiyo Dobi alifunga kamba sebuleni, akafunga nyingine ukumbini, na zilipojaa akagonga mlango wa Chiriku, kwa kuwa chumba chake ndicho kilichokuwa na dirisha kubwa.

"Mwanangu, utanivumilia siku chache tu?"

"Mm."

Basi akafunga kamba tatu humo pia. Kila siku majoho ishirini yaliyolowa yalining'inia juu ya kitanda na juu ya meza ya kusomea, na yakikauka yalitolewa, yakaingia mengine ishirini. Chiriku aliweka beseni chini ya yale yaliyokuwa bado yanadondosha maji, akavuta kiti, akasoma.

Mama yake alikuwa mpishi wa shule ya chekechea. Alikuwa akirudi saa tisa alasiri, miguu imemvimba, na kabla hajavua viatu alianza zamu yake ya pili, ya kulinda mtihani. Alimfuata jirani mwenye redio, akamsihi aipunguze. Aliwafukuza watoto waliokuwa wakicheza mpira nyuma ya dirisha, na kwa kuwa mchana kutwa alikuwa akipikia watoto, aliwafukuza kwa kuwapa maandazi. Tena aliweka sheria mpya ndani ya nyumba: neno "kuanguka" lisitamkwe mpaka mitihani iishe.

"Na kikombe kikianguka?" Dobi aliuliza.

"Kimeshuka."

"Na mimi nikiteleza kwenye sabuni nikavunjika kiuno?"

"Utakuwa umeketi ghafla. Baba Chiriku, usinitanie, mtoto ana mtihani."

Vilevile alikuwa ameshaanza mambo ya sherehe. Alikuwa na daftari la viti. Kila jirani aliyekutana naye njiani alimwomba kiti kimoja au viwili, akaandika. Shangazi yake Chiriku alikuwa akipiga simu kila baada ya siku mbili kuuliza gauni la rangi gani, na mama alikuwa akimjibu kwa sauti ya chini akiwa jikoni, akidhani mlango wa chumba unazuia sauti.

Hapa inafaa kueleza jambo la kazi. Dobi yeyote mwenye akili ana alama zake, la sivyo shati la mwalimu litavaliwa na kinyozi. Dobi huyu alikuwa akishona uzi mdogo ndani ya kola: nguo za nesi mishono mitatu ya bluu, za mwalimu mshono mmoja mwekundu uliopinda, za kinyozi msalaba wa kijani. Majoho ya chuo mwaka huu yalikuwa na mshono mmoja wa njano. Nguo za nyumbani peke yake hazikuwa na uzi. Chiriku alijua kanuni hiyo kabla hajajua kusoma. Alikuwa akikaa juu ya rundo la nguo kavu, anageuza kola moja moja na kuimba: "Hii ya nesi. Hii ya kinyozi. Hii haina uzi, hii yetu!"

Kwa hiyo Dobi alipolipata lile joho zuri kuliko yote, lenye weusi uliokoza, pindo lisilofumuka na mikono isiyoguswa na pasi ya moto kupita kiasi, hakulishona uzi. Alilifua peke yake, akalipiga pasi mara mbili, akalitundika mwisho kabisa wa kamba, nyuma ya mlango wa sebule. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Lakini kila alipopita hapo mgongo ukimuuma, aliligusa kidogo kwa kidole kimoja, kisha akaendelea na kazi.

Mtihani wa kwanza ulipita, na wa pili. Wa tatu, uliohusu mwendo wa maji ndani ya mabomba, ulifanyika Jumanne ya wiki ya pili. Chiriku alirudi, akasema "Shikamoo, baba," akaingia chumbani, akapita chini ya majoho, akafunga mlango.

"Vipi?" mama alinong'ona.

"Amesema shikamoo."

"Kwa sauti gani?"

"Ya shikamoo."

Mama alisonya, akaenda kuwasha jiko.

Jumatano baada ya chakula cha mchana Dobi alianza kukagua kola, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa imekaribia. Alipita kamba baada ya kamba akigeuza, uzi upo, uzi upo, uzi upo, huku mawazo yake yako kwenye kiuno. Alipofika nyuma ya mlango aligeuza na ile kola kwa mazoea tu, bila nia. Akauona uzi wa njano.

Alidhani amekosea joho. Akaangalia pindo, ndilo. Akaangalia mikono, ndilo. Akalisogeza dirishani. Mshono ule haukuwa wake. Mishono yake yote ililalia kulia. Huu ulilalia kushoto, na mwisho wake ulikuwa na fundo kubwa la mtu asiye na mazoea. Katika nyumba ile aliyekuwa akishika sindano kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Dobi aliketi juu ya furushi. Hakuhitaji kusomewa. Mtu aliyejua tangu utotoni kwamba kisicho na uzi ni chetu alikuwa amelifuata joho lake nyuma ya mlango, akachukua sindano, akalirudisha kwa wenyewe.

Alimkuta uani, kwenye bomba la maji, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Kitabu kilikuwa magotini, kimefungwa. Maji yalikuwa yakidondoka tone kwa tone, naye alikuwa akiyatazama.

"Mwanangu."

"Mm."

"Ule mshono wako una fundo kubwa. Kola itamkera mvaaji shingoni."

Chiriku hakugeuka, lakini mabega yalipanda yakakaa huko juu. Dobi alivuta ndoo ya pili, akakaa kwa hatua tatu: kwanza mkono, kisha goti, kisha "aah."

"Ulijuaje kama lipo?" aliuliza.

"Baba, siku ile ile. Uligusa kola mara nne nikikuona. Nilipogeuza nikakuta haina uzi."

"Na ukalishona lini?"

"Jana. Nilipotoka kwenye mtihani."

Bomba likadondosha tone, na lingine.

"Yalikuwa maswali matano," Chiriku alisema hatimaye. "Nimejibu moja na nusu. Hayo mengine nilikuwa nayajua, baba, wallahi nilikuwa nayajua, nimeyafanya hapa mara kumi. Nikaangalia karatasi, nikaona majoho tu. Yamesimama. Kila nikiinua kichwa nyumbani yamesimama, mikono inaning'inia, kama watu wamekuja mapema wananisubiri nimalize. Na mama na viti vyake, na shangazi na gauni. Nimechoka. Silali hata nikilala."

Dobi alitaka kusema mengi lakini yote yalikuwa mazito, akaogopa kumwongezea. Akauliza la kawaida: "Umebaki mmoja?"

"Ijumaa, saa tatu asubuhi. Siendi."

"Usipokwenda inakuwaje?"

"Kukosa mtihani bila ugonjwa ni kurudia mwaka mzima."

"Na ukienda, ukafaulu huo, ila huu wa jana ndiyo umekwenda vile?"

"Narudia huo mmoja. Baadaye, peke yangu. Lakini sitakuwa kwenye mahafali na wenzangu. Sasa ya nini, baba? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hiyo methali aliitunga mtu asiyefua," Dobi alisema. "Mimi nimeyazoa kwa tambara miaka ishirini na sita."

Kitu kidogo kilitikisika kwenye uso wa Chiriku. Hakikuwa kicheko, lakini kilipita jirani na kicheko.

"Sikiliza," Dobi alisema polepole. "Mimi sijui hesabu za mabomba. Ninajua nguo. Mtu akiniletea shati lina doa moja, silitupi lote. Na doa lenyewe silisugui siku ile ile nimekasirika, nitatoboa kitambaa. Nalilowesha, naliacha, nakwenda kufua mengine. Lile joho umelirudisha, umefanya vizuri. Nilikosea mimi. Nilikuvisha kabla hujanyoosha mkono. Lakini Ijumaa si ya joho. Ni ya mtihani mmoja tu."

"Na mama?"

"Mama niachie mimi."

Ni rahisi kusema niachie mimi. Mama alirudi saa tisa, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, akavua kiatu kimoja. "Viti vimefika sitini na mbili," alisema. "Mwenye duka anatoa kumi, vya chuma. Nimemwambia vya chuma vinachoma, akasema basi tuwakalishe watu wembamba..." Akauona uso wa mumewe. Kiatu cha pili kilibaki mguuni.

Dobi alimweleza yote, kwa ufupi, bila kupamba. Alipomaliza mama alikuwa ameshika kile kiatu mapajani kama mtoto. Alitazama mlango wa chumba, akatazama daftari la viti lililochungulia kwenye mkoba.

"Kumbe mwanangu ameanguka," alisema.

Wote wawili walilisikia neno likitua pale ngazini. Dobi alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, wakacheka, kicheko cha watu waliochoka kinachotoka puani na kuleta machozi pamoja nacho.

"Ameketi ghafla," Dobi alisema.

"Nyamaza wewe." Alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Siku kumi nimefukuza kelele za mtaa mzima, kumbe kelele ni mimi."

"Ni sisi. Mimi nimemtundikia majoho juu ya kichwa."

Mama aliinuka na kiatu kimoja. Hakwenda bombani kwa Chiriku, wala hakumwita. Aliingia chumbani mwa binti, akasimama katikati, akaanza kuyashusha majoho. Dobi alimfuata. Waliyatoa yote, makavu na mabichi, wakafungua kamba zote tatu, wakatoa hata misumari. Chiriku alisimama mlangoni akiwatazama, kitabu kifuani.

"Mnayapeleka wapi?"

"Chumbani kwetu," mama alisema, mzigo mweusi umemfika kidevuni. "Leo baba yako na mimi tunalala na wahitimu. Yakidondosha maji, yamdondokee yeye, ndiye aliyesema biashara ya majoho ina heshima."

Alipopita karibu na binti yake alisimama kidogo. Mikono yote miwili ilikuwa imejaa, kwa hiyo alimgusa kwa paji la uso tu, paji kwa paji, akapita.

Chumba kilibaki na kitanda, meza na dirisha. Chiriku alikaa kitini, akatazama juu. Hapakuwa na kitu, ila dari na alama za misumari. Jioni ile mama alimpigia shangazi simu. Hakushusha sauti. "Gauni lisubiri," alisema. "Lisubiri tu, wifi. Hapana, hakuna aliyekufa. Tumechoka, tunapumzika kidogo."

Alhamisi ilipita nyumba ikiwa kimya, na kimya hicho hakikuwa cha kulazimishwa. Hakuna aliyemuuliza Chiriku kama atakwenda. Dobi alipiga pasi tangu asubuhi, akinyunyiza maji kwa vidole, akikandamiza, akigeuza, na kila mlango wa chumba ulipolia alipunguza mkono bila kutaka. Mara mbili alimwona akija bombani kunawa uso. Mara ya tatu alikuja na blauzi yake nyeupe.

"Baba, ukiwa na nafasi."

Dobi aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa blauzi tu, kola yake haina uzi. Aliipiga pasi taratibu, wala hakuuliza ni ya siku gani.

Ijumaa saa moja na nusu Chiriku alitoka ameivaa. Alikunywa chai akiwa amesimama. Mama alikuwa ameomba ruhusa ya kuchelewa kazini, akajifanya anatafuta sufuria ambayo alikuwa ameishika mkononi.

"Nakwenda," Chiriku alisema.

"Haya, mama," Dobi alijibu. "Ukichoka, weka kalamu, pumua, uishike tena."

Hakuna aliyemsindikiza mpaka barabarani. Walikubaliana hivyo usiku, wakiwa wamelala chini ya majoho yaliyokuwa yakinukia sabuni, na kulishika agano hilo kulikuwa kazi kubwa kuliko kufua. Mama alikwenda dirishani, akarudi. Akaenda tena.

"Kaa," Dobi alisema.

"Nimekaa."

"Umesimama dirishani."

Akaenda kazini. Dobi alibaki na pasi. Yalikuwa yamebaki majoho thelathini, na kufikia saa nane mchana yote yalikuwa yameisha, yamekunjwa na kupangwa juu ya kitanda chao kipana alichokivuta mpaka sebuleni, tayari kwa Bwana Stoo kesho yake. Alikuwa ameyachanganya yote. Lile zuri lilikuwa humo, na uzi wake ulioinamia kushoto, lakini lilikuwa wapi hakujua tena wala hakulitafuta. Mtu fulani angepewa Jumatatu kwenye dirisha la ghala la chuo, na huenda asingeona tofauti yoyote.

Mlango ulisukumwa saa nane na nusu. Chiriku aliingia na wino kwenye kidole, nywele zimemfumuka upande mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Niliandika mpaka wakatunyang'anya karatasi," alisema. Kisha, kama bomba lililokuwa na hewa na sasa maji yamefika, akaendelea. "Swali la kwanza lilikuwa la tangi, nikasema hili nalijua, nikalifanya, la pili nikakwama, nikaweka kalamu kama ulivyosema, msimamizi akaja akaniuliza kama naumwa, nikamwambia napumua, akaniangalia hivi, baba, ungemwona, halafu la tatu..."

Aliongea huku anavua viatu, akaongea anakunywa maji, akaongea anakaa ukingoni mwa kitanda. Dobi alisimama na pasi mkononi, akihofia hata kuiweka chini isije ikatoa mlio ukamkatiza. Katikati ya swali la nne sauti ilipungua. Chiriku alijilaza kidogo, ubavu tu, apumzishe mgongo huku anamalizia. Hakumalizia. Kichwa kilizama kwenye rundo, miguu ikapanda yenyewe, na mkono wenye wino ukakumbatia majoho matano au sita na kuyavutia kifuani.

Mama alipofika saa tisa alisimama mlangoni. Aliona binti amelala, mdomo wazi kidogo, na chini yake kazi ya siku kumi na mbili imekunjamana kama tambara la kufutia meza.

"Baba Chiriku!" alinong'ona kwa ukali. "Majoho! Bwana Stoo anakuja kesho! Mwamshe ahamie chumbani kwake."

"Alikwenda," Dobi alisema.

"Alikwenda?"

"Akaandika mpaka wakamnyang'anya. Na ameongea. Alikuwa kwenye swali la nne."

Mama aliweka mkoba chini polepole. Alitazama wino kwenye kidole cha mwanawe, akatazama uso uliolegea. Akavua viatu, vyote viwili, akaketi sakafuni na kuegemea kitanda.

"Na hayo majoho?"

Dobi alikuwa tayari amejaza bakuli maji. Alilichomoa joho moja lililokuwa mbali na miguu ya Chiriku, akalitandaza mezani, akatia vidole kwenye bakuli.

"Muache," alisema. "Nitayapiga tena."